Fundi Aliyelamba Waya

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa kilicho wazi na wa kilichofungwa kwa skrubu, aliyenipa macho mawili na akanipa umri wa kutosha kujutia namna nilivyoyatumia. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, na watu wake, na kila aliyesema kweli wakati kweli ingali na faida kwa mtu.

Tulipomzika Fundi, imamu aligeuka akatuuliza, kama ilivyo desturi, tulimjua vipi marehemu. Watu wakajibu kwa sauti moja: mtu mwema! Mimi niliinama kutazama udongo. Jirani yangu alidhani ni majonzi, akanishika bega.

Najua tumeagizwa kutaja mema ya wafu wetu. Kwa hiyo jina lake sitaliandika, wala la baba yake. Mtaa wetu wote wa Nyamirambo, hapa Kigali, tulimwita Fundi, na hapa atabaki Fundi. Lakini ushahidi nao ni amana, na kuna mwanamke yu hai huko mtaa wa Niboye ambaye jina lake lilichafuliwa ili la Fundi libaki safi. Siwezi kumfunika aliyekufa kwa nguo niliyomvua aliye hai.

Nianze na mdomo wake, kwa maana ndio uliokuwa ukinichefua kwanza. Alikuwa na koleo nzuri tatu, zimening'inia ukutani katika karakana yake ya Kimisagara, na hakuzigusa. Waya aliumenya kwa meno. Aliuweka pembeni mwa mdomo, akavuta, akatema kipande cha plastiki: chekundu, cha buluu, cha njano, vyote na mate yake, sakafuni kwa mwenye nyumba. Akitaka kujua kama betri ina nguvu, aliweka ncha mbili za waya juu ya ulimi, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi, akasema, "Hii imebaki nusu." Mara nyingi alikuwa sahihi, na hilo lilinichukiza zaidi. Kisha angeingiza vidole vilevile kwenye bakuli la sukari lako.

Masikio aliyachokonoa kwa bisibisi. Akaitazama ncha, akaipangusa kwenye suruali, akaendelea kufungua redio ya mtu. Leso aliyopengea kamasi ndiyo aliyofutia chuma cha kulehemu, nao moshi uliotoka hapo sitauelezea. Wateja walicheka. Nami nilicheka. Alikuwa na uchangamfu ule unaokufanya uone haya kuchukizwa.

Na nisimdhulumu. Mama yangu alipozidiwa, mvua ilikuwa imekata njia ya gari, na Fundi ndiye aliyemweka mgongoni akamteremsha hadi barabara kuu, bila kuitwa, viatu vikibaki kwenye matope. Kipaza sauti cha msikiti wetu alikitengeneza miaka mingi, hakupokea hata chai. Qur'ani ikisomwa vizuri alilia, machozi ya kweli, yakamlowesha kanzu. Dakika kumi baadaye ungemkuta penye mfereji wa udhu akikohoa kwa nguvu na kutema pale pale watu wanapooshea miguu. Nilimwambia mara moja.

"Maalimu," akanijibu, kwa kuwa nilikuwa nikifundisha watoto alasiri na wote waliniita hivyo, "maji si yanatembea? Acha yafanye kazi yao."

Alikuwa na misemo yake. "Waya hausemi nani aliyeufunga." "Fundi anayeeleza kazi yake anauza jembe akiwa bado analima." Mwingine aliupenda mbele ya wanawake, nao siuandiki.

Misemo hiyo haikuwa maneno matupu. Redio zote za mtaa wetu zilizopita mikononi mwake zilikuwa na waya mmoja wa ziada, umelehemiwa vizuri pande mbili, usio na kazi yoyote. Aliutia ili fundi mwingine akifungua apotee. Namba zilizoandikwa juu ya vipande alizikwangua kwa wembe. Karatasi za maelezo zilizokuja na mashine alizichana, akafungia karanga. Siku moja pale barazani mzee mmoja alimuuliza, "Fundi, ukifa wewe, nani atatutengenezea kipaza sauti?"

"Nikifa mtaadhini kwa koo, kama babu zenu."

Tukacheka tena.

Sasa nifike kwenye kisanduku.

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa karani katika kampuni moja ya kusafirisha chai, mjini. Ofisi ilikuwa majengo mawili yenye ua katikati. Katika jengo la zamani kulikuwa na teleprinta, mashine kubwa ya kupiga barua za mbali, inayotetemesha meza. Aliyeiendesha aliitwa Dativa. Alikuwa Mkatoliki, mjane, mwenye watoto wawili, na alikulia Uganda, kwa hiyo alisoma Kiingereza wakati sisi wengine tulikuwa watu wa Kifaransa. Alipiga herufi bila kutazama vidole. Watu wa bandarini, huko pwani, waliozoea barua zake walisema hazina kosa, naye alijivunia hilo kimyakimya, kama mtu anavyojivunia nyumba iliyofagiliwa.

Mkurugenzi alinunua kompyuta, akaiweka katika jengo jipya. Alitaka Dativa aandike huko, na maneno yavuke ua kwa waya, yatoke kwenye teleprinta ile ile ya zamani. Lakini mashine mbili hizo hazikuelewana. Teleprinta ilisikiliza mkondo wa umeme unaozunguka: ukiwapo ni jambo moja, ukikatika ni jingine. Kompyuta ilitoa herufi zake moja baada ya nyingine, zimefuatana kama watu kwenye ngazi, kwa umeme wa namna nyingine kabisa. Kati yao ilibidi kukaa kigeuzi, kisanduku cha bati chenye ukubwa wa Msahafu, upande mmoja kina soketi ya pini ishirini na tano, upande wa pili skrubu nne za kufungia nyaya. Kililetwa kutoka Ulaya na karatasi moja ya maelezo. Karatasi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza na Kijerumani tu.

Fundi nilimleta mimi. Nilimsifia kwa mkurugenzi, Mungu anisamehe.

Alikuja asubuhi, akamenya nyaya, akatema rangi zake juu ya zulia jipya. Nilikuwa mlangoni. Dativa alikuwa ameishika ile karatasi.

"Fundi," akasema, "hapa imeandika, kwenye huo mzunguko upande moja tu ndio iko inatoa umeme. Ingine inapokea tu. Kuna kibonyezo kidogo ndani, lazima tukigeuze."

"Madamu, hiyo karatasi nimeisoma."

"Umeisoma saa ngapi? Tangu ifike ninayo mimi."

"Nimesoma zingine kama hiyo. Wewe piga chapa, mimi nifunge waya. Kila mtu na mtaro wake."

"Haya sha, rafiki yangu. Lakini teleprinta yetu inatoa umeme yake. Na kisanduku nayo ikitoa, itagombana."

Fundi alinigeukia akakonyeza jicho. "Maalimu, unasikia? Nimefundishwa na taipureta."

Hakuwa anajua Kiingereza hata salamu. Angeweza kusema hivyo na pasingekuwa na aibu. Hakuna aliyejua pale isipokuwa yeye mwanamke. Lakini Fundi aliona heri kisanduku kiungue kuliko kusomewa. Akafunga skrubu nne, akawasha.

Kilitoa sauti ndogo kama mtu anayevunja ubua wa mtama, kisha harufu. Fundi akasema ni vumbi la kiwandani. Akamwomba Dativa atuletee chai, naye akaenda, maana alikuwa na adabu. Mimi nilibaki mlangoni.

Alifungua kisanduku. Ndani palikuwa na kipande cheusi kama mende, chenye miguu sita, kimepasuka mgongo. Baadaye Dativa alinieleza kazi yake kutoka kwenye karatasi: kilipitisha habari kwa mwanga tu, umeme wenyewe usivuke, ili balaa la kwenye waya wa nje lisimfikie mtu aliyekaa kwenye kompyuta. Fundi aliking'oa. Akakitia mdomoni, akakinyonya kwa mawazo, akakitema mkononi na kukitia mfukoni. Kisha akachukua kipande cha waya, akaunganisha moja kwa moja mahali mende alipokuwa. Sasa alikigeuza na kile kibonyezo, upande ule ule aliotaja Dativa. Akafunga skrubu.

Akaniona namtazama. Akaweka kidole kwenye midomo ile, akatabasamu.

Chai ilipofika mashine ilikuwa inafanya kazi. Dativa aliandika neno katika jengo jipya, nasi tukasikia teleprinta ikigonga ng'ambo ya ua. Mkurugenzi alipiga makofi. Fundi alikunywa vikombe viwili.

Nilijiambia nini? Nilijiambia kwamba mwenye kumsitiri ndugu yake, Mungu atamsitiri. Nilijiambia habari ya mama yangu mgongoni mwake. Nilikuwa mwalimu wa dini, nilijua kabisa kwamba sitara ni ya aibu ya mtu, si ya shimo aliloliacha njiani watu wapite. Nilijua, na watoto niliwafundisha hivyo juma lile lile.

Radi za Kigali hazihitaji kuelezwa kwa aliyekaa hapa. Mvua za masika zilipoanza, Dativa aliagizwa azime kisanduku kila mawingu yakikusanyika. Siku hiyo aliinuka azime. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya bati lile radi ilipoukuta waya uani. Nilisikia mlio, kisha sikusikia kitu. Tulimkuta sakafuni, anapumua, na kiganja kimegeuka rangi nisiyotaka kuikumbuka. Aliishi, alhamdulillahi. Vidole viwili vilijikunja na havikunyooka tena.

Kisanduku kilifunguliwa, waya ukaonekana, na Fundi akaitwa. Alifika amevaa kanzu safi. Alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Msiyo Diregiteri, mimi niliacha kila kitu sawa. Hapa ofisini nani anasoma Kiingereza? Nani alikuwa na karatasi? Alitaka kunionyesha anajua kuliko mimi. Masikini, ameshajilipiza mwenyewe. Msimkemee sana."

Msimkemee sana! Alimwombea Dativa huruma! Nimeona uchafu mwingi katika maisha yangu, nimeosha maiti, nimesafisha vyoo vya msikiti kwa mikono yangu. Sijaona kitu kilichonuka kama huruma ile.

Dativa alikuwapo, mkono umefungwa bendeji. Hakupiga kelele. "Msiyo, mimi sikufungua. Muulize Maalimu. Alikuwa amesimama pale."

Mkurugenzi akanitazama. Fundi hakunitazama, alikuwa anachokonoa jino.

"Sikuona, Msiyo," nikasema.

Maneno mawili tu. Dativa aliniangalia kwa muda wa mtu kusoma mstari mmoja, kisha akachukua mkoba wake kwa mkono wa kushoto.

Alifukuzwa, na alipoomba kazi kwingine barua ilimtangulia: anachezea mitambo, ameharibu mali, haaminiki. Mji ulikuwa mdogo, na ofisi zenye teleprinta zilihesabika. Hata kazi ya kupokea simu alinyimwa, kazi isiyohitaji vidole kumi. Akahamia Niboye, akauza nyanya na maharage kwenye meza ya mbao. Fundi aliendelea kupata wateja, na kipaza sauti cha msikiti kiliendelea kutoa sauti.

Ilipita miaka mitano. Mwezi wa Shaabani tuna desturi ya kupitiana kuombana radhi kabla ya Ramadhani. Mtu hasemi amekosa nini, anasema tu, tusameheane, na mwenzake anajibu, tumesameheana, wakala tende. Ni desturi nzuri. Ila ni pana kiasi kwamba mtu anaweza kupitisha humo ng'ombe mzima.

Fundi alikuwa hoi kitandani, miguu imevimba, ana kopo la kutemea karibu na mto. Aliniita alasiri.

"Maalimu, tusameheane."

"Mimi nimekusamehe," nikasema. "Lakini haki ya mja iko kwa mja. Kuna mtu wa Niboye. Yake siwezi kukupa."

Alifikiri. "Basi mlete."

Nilikwenda siku ya pili yake, na lazima niseme nilikwenda nikiwa mwepesi wa moyo, kama mtu anayefanya jambo la thawabu. Ile "sikuona" yangu nilikwisha kuitubia kwa Mungu, peke yangu, kwenye mkeka wangu, na nilidhani imekwisha. Dativa alikuwa anapanga nyanya. Nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Anaumwa kweli?"

"Kweli. Hatafika mbali."

"Tugende," akasema, akafunika meza kwa gunia.

Chumba cha Fundi kilinuka dawa na lile kopo. Mkewe alimpa Dativa kiti. Fundi alijiinua kwenye kiwiko, akatoa ile sauti yake nzuri ya barazani.

"Mwanangu, karibu. Dunia ni njia. Kama nilikukosea unisamehe, na mimi nimekusamehe."

"Umenisamehe nini?" Dativa akauliza.

"Yote. Yote yamepita."

"Taja moja."

"Mambo ya kazi hayo, Madamu. Kila kazi ina ajali. Hata mashine yenyewe walishaitupa."

"Nani alitia waya kwenye kisanduku?"

Fundi aliangalia dari. Alivuta koo, akajiegemeza upande, akatema, akapangusa midomo kwa shuka. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayemfariji mgonjwa, "Mungu ndiye ajuaye."

Jina la Mungu wangu kutumika kama kitambaa cha kufutia! Nilitaka kumkemea mzee yule juu ya kitanda cha mauti. Nikageuka kwa Dativa ili aone hasira yangu, aone niko upande wake. Nikamkuta ananitazama mimi. Tangu tuingie, nadhani, alikuwa ananitazama mimi.

"Maalimu," akasema, "nani alitia waya?"

Mke wa Fundi alisimama na kikombe mkononi. Nilisikia watu wakipita nje wakizungumzia bei ya sukari ya mfungo.

"Yeye," nikasema. "Nilimwona. Ulikuwa umekwenda kuleta chai. Aling'oa kile kipande kilichopasuka akakitia mfukoni, akaunganisha waya. Nilikuwa mlangoni. Nilimwona, nikasema sikuona."

Fundi alijigeuzia ukutani. Sikusikia tena sauti yake mpaka alipokufa, baada ya Idi.

Dativa aliinamisha kichwa. Nilidhani analia, lakini alikuwa anatafuta kanga yake iliyoteleza chini. Akajifunga.

"Huyu nilijua atasema hivyo," akasema. "Sikutoka Niboye kwa ajili yake. Wewe ndio nilikuwa nangoja. Miaka yote hiyo najiuliza, labda kweli hakuona. Labda alikuwa ametazama nje. Nilikuwa nakutafutia sababu, Maalimu. Nimechoka kukutafutia."

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake, na mke wa mtu anaona. "Nisamehe, Dativa."

"Iko karatasi hapa?"

Mke wa Fundi alileta daftari la watoto. Niliandika pale pale, kwa Kifaransa changu cha ukarani, yote kama nilivyoyaandika hapa, nikatia sahihi. Dativa aliikunja mara mbili.

"Umenisamehe?" nikauliza tena.

"Andika zingine. Peleka kila ofisi ile barua ya kwanza ilikofika. Wakisha kusoma, ndio uniulize."

Nimekwenda ofisi tano. Katika mbili walinipokea vizuri, katika moja kijana wa mapokezi alicheka, na moja imefungwa, mwenyewe amerudi kwao. Mkurugenzi wetu alisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza kwa nini sasa. Zimebaki nne ambazo sijafika. Kesho, inshallah, nashuka tena mjini.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki nyumbani kwako na kazini kwako. Akupe mikono salama na majirani wasiokuficha hatari. Na siku utakaposimama mlangoni ukaona, akupe ulimi saa ile ile, wala asikuache uzunguke mji na karatasi ukiwa mzee kama mimi. Amin.